Blanketi la Ngina Mdogo

Mke wangu aliacha mfuko wa nailoni juu ya kabati, umefungwa kwa utepe mwekundu. Miezi mitatu nilipita chini yake kama mtu anayepita chini ya waya wa stima uliolegea. Sikuugusa.

Aliitwa Ngina. Sitaki kueleza sana alivyokufa. Nitasema tu kwamba siku tuliyompeleka hospitali mashine ilikuwa imeharibika, mwenye ufunguo wa chumba cha mashine nyingine alikuwa semina, na wenye bima walisema mtandao umeenda. Umeenda wapi, hakuna aliyesema. Kila mtu pale alikuwa na mkubwa wake, na huyo mkubwa hakuwepo. Mpaka leo nikikaa kimya jambo hilo linanirudia, kama ulimi unavyorudia jino bovu.

Kabla sauti haijamwishia aliniambia, "Baba Jackie, ule mfuko. Nimekata vyote. Nimeandika namba nyuma kwa chaki, moja mpaka arobaini na nane. Ni kufuata namba tu. Hata wewe unaweza."

Akacheka kidogo aliposema hata mimi. Nikamwambia atashona mwenyewe akitoka. Hakutoka.

Jackie ndiye binti yetu, hatukupata mwingine. Ameolewa na kijana anaitwa Kagwe, wanaishi Ruiru. Wakati ule mimba yake ya pili ilikuwa changa. Mtoto wa kwanza ni Maxine, na jina lake la nyumbani ni la mama yake Kagwe, vile inavyotakiwa. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na msichana wa pili jina la mama ya mama. Kwa hivyo Ngina alikuwa amekaa akingojea msichana wa pili kama mtu anayengojea kiti chake. Blanketi la viraka alilianza kwa ajili hiyo.

Basi siku moja Jackie akanipigia simu kutoka kliniki. "Baba, nimepigwa picha ya tumbo. Wanasema ni msichana."

Nilikaa kitandani na simu sikioni mpaka akafikiri imekatika.

"Baba? Uko?"

"Niko. Kwa hivyo Ngina anarudi."

"Anarudi, Baba," akasema, akaanza kulia, na mimi nikamwambia asilie, ana mtoto ndani. Imebaki miezi mitatu, akasema. Nikaweka kiti karibu na kabati nikashusha mfuko. Mtoto huyo hangefunikwa na blanketi la dukani. Angefunikwa na lile alilokatiwa na mwenye jina, na liwe tayari siku atakayofika. Ahadi hiyo nilijipa mwenyewe, hakuna mkubwa yeyote wa kuniambia nirudi kesho.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha nguo hapa Thika, upande wa maji. Kushona sikuwahi. Kazi yangu ilikuwa kuingiza majora ya kitambaa kwenye matangi na kuyatoa. Na upande wetu sheria ilikuwa moja: hakuna kitambaa kinachopita kwenda mbele bila kuoshwa, kwa sababu kisipooshwa kitajikunja kikiwa kimeshashonwa, na mnunuzi atalia. Sheria hiyo iliniingia mpaka kwenye mifupa. Kiwanda kilipofungwa, wakubwa waliondoka na magari yao na sisi tukasomewa karatasi kwenye geti, lakini sheria nilibaki nayo.

Kwa hivyo nilipofungua mfuko na kuona vile vipande vina vumbi, sikufikiri mara mbili. Beseni, maji ya moto, sabuni ya unga. Nikasugua kila kimoja kwa mikono miwili bila kutazama rangi wala nyuma. Nikavianika kwenye kamba ya ploti yetu, zile nyumba za kupanga pale Ngoingwa, arobaini na nane, kila kimoja na kibanio chake.

Ndambuki, mlinzi wa ploti, akaja akasimama na kikombe chake cha chai.

"Baba Jackie, hizo ni leso za kamasi? Nyumba nzima iko na homa?"

Nikampa mgongo. Mimi na Ndambuki tulikuwa hatujasalimiana mwaka mzima. Ovaroli yangu ya kiwandani, ile ya rangi ya majivu, niliyoiweka kama cheti cha kazi, ilipotea kwenye kamba hiyohiyo, na nikasema mbele ya wapangaji wote kwamba mlinzi ndiye anayejua. Nikasema hata mwenye ploti anajua na anamlinda.

Ndambuki akasogea. Akashika kipande kimoja, akakigeuza. Kilikuwa na mfuko wa kifuani, na juu ya mfuko uzi mweupe: 317. Namba yangu ya kiwandani.

"Haiya," akasema taratibu. "Hii si ile ovaroli niliiba?"

Nikatazama kamba. Vipande ishirini na nne, nusu nzima ya blanketi, vilikuwa vya rangi ya majivu. Ngina alikuwa ameichukua ovaroli yangu akaikata, akanyamaza nikipigia watu kelele. Sikuelewa. Kwa nini hakusema? Alikuwa ananiogopa, ama alikuwa ananicheka? Ndambuki alinywa chai yake mpaka mwisho, akitazama kila kipande kama mtu aliye kwenye maonyesho, halafu akarudi getini.

Vipande vilipokauka nikaviingiza ndani nikatafuta namba moja. Nikageuza cha kwanza: hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Nikavigeuza vyote, nikavipeleka dirishani kwenye mwanga, nikavaa miwani ya Ngina. Chaki yote ilikuwa imekwenda na maji, na maji nilikuwa nimeyamwaga kwenye mtaro kwa mikono yangu mwenyewe.

Kesho yake nikavibeba kwa Nekoye. Nekoye ni fundi wa nguo, ana kibanda cha mabati karibu na pale boda boda zinapoegeshwa. Ni mama wa Bungoma mwenye kucheka kwa sauti, na alikuwa rafiki ya Ngina. Akamwaga mfuko wangu juu ya meza.

"Baba Jackie! Hizi ni nguo ama ni sukuma wiki? Zimeota ndevu!"

Kweli, pembeni nyuzi zilikuwa zimechomoka kila mahali.

"Nimeziosha tu."

"Nani alikutuma uzioshe?"

"Kitambaa huoshwa kwanza. Mimi nimefanya kiwandani."

"Kitambaa, ndiyo. Kabla ya kukatwa. Hii ilikuwa imekatwa, imepimwa, imeandikwa." Akashika mdomo. "Mama Jackie alikuandikia barua, na wewe umeiosha."

Nikamwambia chaki za siku hizi ni mbovu, wanaruhusu watu kuleta vitu vibovu nchini na hakuna anayekagua. Akanitazama tu. Kisha akauliza kama nakumbuka zilikuwa zimepangwa vipi. Nikasema sijui. Nilikuwa namwona Ngina amezitandaza kitandani, naomba anitolee nafasi nilale, basi. Mtu huangalia mke wake, haangalii viraka.

"Na kushona unajua?"

"Nitajua."

"Leta hapa nikushonee. Siku mbili."

"Hapana. Alisema hata mimi naweza."

Nekoye akaacha kucheka. Akachukua mkasi akaanza kupunguza zile ndevu, akinionyesha.

Cherehani ya Ngina ni ya kukanyaga. Niliiona ikienda miaka thelathini nikadhani inaenda yenyewe. Siku ya kwanza nilikanyaga, gurudumu likazunguka kwenda nyuma, sindano ikapanda na kushuka kwa hasira, na chini ya kitambaa uzi ukajikusanya kama kiota cha ndege. Nikakata, nikaanza tena, kiota kingine. Siku ya tatu nikaenda kwa Nekoye na viota vyangu kwenye karatasi.

"Uzi wa siku hizi si uzi," nikamwambia.

"Ni uzi ama ni serikali?"

"Ni vyote viwili."

"Kaa hapo." Akaniketisha kwenye cherehani yake. "Sukuma gurudumu kwa mkono kwanza, lije upande wako. Halafu ndiyo ukanyage. Wewe unakanyaga kama mtu anaua nyoka. Polepole. Na hiyo bobini umeiweka kichwa chini."

Bobini, ndicho kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini. Sikujua kina kichwa.

Jambo lililonichanganya kuliko yote ni hili la uso na mgongo. Mimi nilichukua vipande viwili, nikaviweka vizuri vikitazama juu, nikashona. Mshono ukabaki nje, umesimama kama kovu. Nekoye akasema viweke uso kwa uso, ushone mgongoni, halafu ufungue. Nikamuuliza, kwa hivyo unashona ukiwa huoni kile unachotaka kionekane? Akasema ndiyo. Nikarudi nyumbani nikifikiri hiyo ni njia ya watu wasiotaka kuonyesha wanafanya nini. Lakini nilipofungua vipande viwili vya kwanza na kukuta mstari mmoja tu safi katikati, nilivifunga tena na kuvifungua mara nne.

Halafu nikapima. Ngina alikata kila kipande inchi saba. Viwili viwe kumi na nne. Tepu ikasema kumi na tatu. Nikapima tena. Nikashona cha tatu, tepu ikasema kumi na tisa. Nilitoka mbio na kitambaa mkononi mpaka kibandani.

"Kitambaa kinapungua."

"Lazima kipungue. Kila mshono unakula nusu inchi huku, nusu inchi huku."

"Inaenda kwa nani?"

Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakaangua kicheko. Nekoye hakucheka.

"Haiendi kwa mtu, Baba Jackie. Iko hapo ndani. Geuza uone."

Nikageuza. Ilikuwa pale, imelala pande mbili za mshono. Nilisimama nikiitazama. Maisha yangu yote kitu kikipungua kuna mtu amekichukua.

Kupanga ndiko kulikonimaliza. Kuna ile ovaroli, vipande ishirini na nne. Kuna kitambaa cha bluu cha kichwani alichovaa kanisani na kina mama wenzake. Kuna sketi ya shule ya Jackie, pazia la nyumba yetu ya kwanza, na leso ya njano yenye maua. Nilivitandaza kitandani sita kwa nane. Nikavitoa. Nikavitandaza tena. Nekoye alisema nichanganye vya rangi nzito na vya rangi hafifu, lakini nikichanganya naona kama soko. Mara nyingine nilihisi kabisa huu ndio mpango wake, nikaenda kuweka chai, nikarudi nikaona si wenyewe. Nilimkasirikia. Nikamwambia, pale chumbani peke yangu, ungeandika kwa kalamu, mama. Kwa kalamu.

Mwisho nikaweka ovaroli yote katikati na vile vingine vikazunguka, kwa sababu ovaroli ndicho kitambaa pekee nilichokijua. Nikasema kosa likiwa kosa, liwe lile lile kila upande.

Nikashona mistari mitatu ikakaa vizuri. Wa nne ukapinda. Pembe za viraka hazikukutana, moja imepanda, nyingine imeshuka, kama meno ya mtoto. Nekoye alikuja nyumbani kuona, akaweka kidole hapohapo.

"Huu fumua. Nusu saa tu."

"Cherehani ndiyo imezeeka."

"Cherehani ilishona mistari mitatu sawa."

"Basi ni sakafu. Mwenye ploti aliweka simiti mbovu, meza inacheza."

"Sawa," akasema. "Sakafu ifumue."

Sikufumua. Siku zilikuwa zinaisha na bado sikuwa nimenunua pamba ya kuweka katikati. Nilienda mjini Thika kwa duka la Savita, mama wa Kihindi ambaye Ngina alikuwa akinunua vitambaa kwake. Aliponiona na lile tambara langu la viraka akalivuta juu ya kaunta, akaligeuza mgongo, akatazama mishono kabla ya kutazama rangi.

"Bibi yangu alishona hivi kwa sari za zamani," akasema. "Pamba usiweke nene, baba. Mtoto si mkate. Tabaka moja, halafu shona kwa mkono, mstari, mstari, ishike." Akanipimia na kitambaa cha mgongoni, cheupe laini. "Na Mama Jackie yuko wapi siku hizi? Mbona amekutuma wewe?"

Nikamwambia. Akakunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

Kazi ya mkono ilichukua wiki tatu. Vidole vilijaa matundu. Nilipomaliza nilikuwa na kitambaa kidogo cha bluu kilichobaki mfukoni Ngina alipokata, nikapata wazo. Nikakata herufi. Mimi shule niliacha darasa la nne, lakini jina la mke wangu najua kuliandika. Nikazishona kwenye pembe ya juu, pale kidevu cha mtoto kitakapokuwa: NGINA. Nikapita mara tatu juu ya kila herufi ili isije ikatoka.

Nekoye alipoliona, alibana midomo.

"Limekuwa zuri. Kweli. Lakini jina... Kwetu mtoto haitwi kabla hajafika."

"Walipiga picha. Daktari alisema."

Nikajisikia nikisema hivyo. Mimi, nisiyeamini hata saa ya hospitali.

"Ni sawa," akasema Nekoye. "Wewe ndio unajua."

Kagwe alipiga simu Jumamosi asubuhi nikinyoa ndevu. "Mzee, mtoto amefika. Jana. Wote wako salama, tumesharudi nyumbani. Sasa kuna kitu nilitaka..."

"Nakuja," nikasema.

"Ni sawa, lakini mzee, kabla hujatoka..."

"Tutaongea huko, nakuja!" Nikakata. Ningeuliza nini? Nilishajua ni nani amefika.

Kwenda kuona mtoto ni kazi ya wanawake. Wanabeba uji kwenye thamosi, wanaimba kidogo mlangoni, wanaingia. Mwanamke wangu hayupo, basi nilipika uji mwenyewe, ukawa na madonge, nikaubeba. Blanketi nilikuwa nimelipiga pasi nikalikunja kwenye ule mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa utepe wake mwekundu. Getini Ndambuki akasimama.

"Zile leso za kamasi ziko humo?"

"Zimo."

"Na ovaroli?"

"Imo."

"Basi salimia mtoto. Mwambie mwizi wa kitambaa ni mimi."

Nilitaka kusema kitu. Nikasema, "Nitamwambia," nikaenda.

Ruiru kwa Jackie ni ghorofa ya tatu. Nilipofika mlangoni nikakuta viatu vikubwa vyeusi vimepigwa rangi, vimewekwa sambamba kama askari. Nilivijua. Vilikuwa vya Gachau, baba yake Kagwe.

Gachau alikuwa naibu wa chifu kule upande wa Murera kabla ya kustaafu. Kabla hatujawa wakwe alinizungusha wiki tatu kwa barua moja ya kusema mimi ni mkaazi. Leo muhuri umefungiwa, kesho wino umekauka. Watoto wetu walipopendana mimi ndiye nilisema Mungu ana mzaha. Nikajiuliza anafanya nini hapa mapema hivi. Mtoto ni wetu huyu. Ni zamu yetu.

Nikaingia. Gachau alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa, suti kamili, na mtoto mapajani. Kagwe akasimama haraka. Jackie alikuwa kwenye kochi na Maxine ubavuni, uso wake umechoka na unang'aa.

"Muthoni, karibu," Gachau akasema, kwa vile ndivyo sisi wakwe tunavyoitana. "Njoo uone chifu mpya."

Nikasimama na thamosi yangu.

"Baba," Jackie akasema. "Ni mvulana."

Nikamtazama mtoto. Nikatazama Kagwe. "Picha ilisema..."

"Ilikosea," Kagwe akasema. "Nilijaribu kukuambia kwa simu, mzee."

Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba ya baba. Hiyo haina mjadala, hata mimi ningemgombeza mtu akijaribu kuibadilisha. Yule mtoto alikuwa Gachau. Alikuwa Gachau hata nilipokuwa nakata zile herufi. Nilihisi mambo mengi ambayo hayakuwa na mpangilio, furaha, kwa sababu alikuwa na vidole vyote na alikuwa anapiga miayo, na hasira, na chini ya hasira kitu kama njaa. Nikawaza daktari wa picha, nani alimpa kazi, nani alimkagua. Nikawaza nirudi Thika na mfuko wangu.

Lakini Maxine alikuwa ameshavuta utepe.

"Guka umeleta nini?" akaniuliza mimi babu yake. Akatoa blanketi likamwagika sakafuni, uso juu.

Kila mtu aliyejua kusoma mle ndani alisoma.

"Nipe mkasi mdogo," nikamwambia Jackie. "Hilo jina nitalifumua. Dakika tano." Nikapiga magoti, nikaweka ncha ya mkasi chini ya herufi ya kwanza. Haikuingia. Nilikuwa nimepita mara tatu. Nikivuta, kitambaa kinavutika, karibu kipasuke, herufi haiondoki.

"Baba, wacha," Jackie akasema.

"Si lake."

"Wacha nakwambia. Utapasua." Akashuka kwenye kochi polepole, akakaa sakafuni karibu nami, akapitisha mkono juu ya viraka. Akatoa sauti ndogo. "Hii ni sketi yangu. Ile niliyochoma kwa pasi." Kisha akatafuta simu yake. "Mama alinitumia picha kabla hajalazwa. Alikuwa amezipanga kitandani. Ngoja."

Nikashika simu. Kilikuwa kitanda chetu, na viraka vyote arobaini na nane mahali pake. Ovaroli ilikuwa nje, imezunguka vyote kama ua wa boma. Leso na pazia na sketi na kitambaa cha bluu vilikuwa ndani. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume kabisa.

"Ulikuwa na hii wakati wote?"

"Hukuniuliza, Baba. Sikujua unashona. Nilijua mfuko uko juu ya kabati."

Nikatazama picha, nikatazama blanketi. Kwa nini aliniweka nje kuzunguka? Ningemuuliza nani? "Niligeuze?" nikasema. "Naweza kufumua lote nianze upya."

"Usiguse." Akanipokonya mkasi. "Na pia mimi nilimuuliza. Nikamwambia, na akiwa mvulana? Akaniambia, mfunike tu, kwani mvulana hasikii baridi?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Ngina kabisa. Nikacheka, na kicheko kikatoka vibaya, na Kagwe akaenda jikoni kutafuta vikombe vya uji, ingawa vikombe vilikuwa mezani.

Jackie akamchukua mtoto kutoka kwa mkwe wake, akamfunika na blanketi, akamrudisha palepale mapajani. Herufi zikakaa chini ya kidevu. Naibu wa chifu mdogo amelala, na juu yake jina la mke wangu na ovaroli yangu, na chini yake suti ya mtu aliyeninyima muhuri. Sikujua nitazame wapi.

Gachau akatoa miwani kwenye mfuko wa koti. Akaivaa, akashika pindo, akaanza kukagua blanketi kama alivyokuwa akikagua barua za watu, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole chake kikafika kwenye mstari wa nne kikasimama.

"Hapa palipopinda," akasema kwa ile sauti yake ya ofisini, "palishonwa na nani?"

Majibu nilikuwa nayo. Cherehani imezeeka. Simiti ya mwenye ploti. Uzi, chaki, mtambo wa hospitali, mtu aliyekwenda semina na ufunguo. Yote yalikuja mdomoni kwa foleni. Maxine alikuwa ananitazama, Jackie alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema.

Gachau akanitazama juu ya miwani. Halafu akashika viraka viwili vya pale, kimoja kila mkono, akavuta kwa nguvu. Akavuta tena.

"Imeshika," akasema, akalisogeza mpaka mabegani mwa mtoto.